Mjadala: Nyimbo zilezile kwa gitaa kavu, ni kazi mpya au tunauziwa mara ya pili?

Kijana wa Langoni, Lamu (mwenye mada)

Assalaam alaikum wana mjadala. Naleta jambo ambalo hapa mtaani limeshawagombanisha watu wawili waliokuwa wakinywa kahawa pamoja kila jioni, basi bora tuligombanie wote.

Bryan Adams, yule Mkanada mwenye sauti ya kukwaruza ambaye redio zetu za usiku hazijamchoka tangu enzi za kanda, ana albamu ya mwaka 2010 iitwayo Bare Bones. Imerekodiwa laivu mbele ya watu, yeye na gitaa kavu, pembeni mpiga piano mmoja. Ngoma hakuna, gitaa la umeme hakuna. Humo ndani utazikuta Summer of '69, Heaven, na ule wimbo wa filamu ya Robin Hood uliokaa nambari moja Uingereza wiki 16 mfululizo mwaka 1991. Yaani ni zilezile. Wala hakuwa mgeni wa mchezo huo: mwaka 1997 alishatoa Unplugged, maana yake bila kuchomekwa umeme, iliyorekodiwa New York akisindikizwa na wanafunzi wa chuo cha muziki cha Juilliard. Kisha 2022 akaingia studio akazirekodi upya nyimbo zake kubwa, kazi hiyo akaiita Classic. Summer of '69 ilitoka mwanzo kwenye albamu ya 1984. Hesabuni wenyewe: wimbo mmoja, mtu mmoja, mara nne.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, hiyo ni kazi ya sanaa au ni ujanja wa biashara? La pili ndilo linalotugusa sisi. Zikipatikana pesa za umma za utamaduni, ziwe za kaunti au za wafadhili wa matamasha, zitumike kurekodi upya nyimbo kongwe za Pwani kwa udi na sauti tupu, au wapewe vijana wanaotunga leo? Maana hakuna kikao cha tamasha kinachokosa mtu wa kusimama na kusema zimeni kinanda, rudisheni udi.

Mimi naunga mkono kurudia, ila kwa sharti: wimbo ukirudi uwe na sababu ya kurudi. Albamu nyingi za aina hii hazina.

Tuktuk Malindi

Sababu ipo. Inaitwa bili.

Tunauziwa mara ya pili, mada imefungwa. Mimi nina flashi ya nyimbo za abiria, na humo ndani Bryan Adams yupo wa aina zote mbili. Nikiweka ile ya kelele, abiria anaimba mpaka anasahau kuniomba chenji. Nikiweka ya gitaa kavu, ananiuliza kama spika moja imekufa.

Gitaa la Casuarina, Malindi

Bwana Tuktuk, abiria wako wana haraka ya kufika soko la samaki, hao si waamuzi.

Mimi gitaa ndilo linalonilisha, napiga kwenye mahoteli ya huku ufukweni, kwa hiyo naomba nilieleze hili kwa upande wa mkono. Gitaa la umeme likipitia amplifaya iliyokolezwa, noti ukiipiga inakaa. Unavuta kamba moja inalia mpaka wewe mwenyewe uamue kuinyamazisha. Gitaa kavu noti inakufa upesi, na hapa kwetu inakufa upesi zaidi kwa sababu chumvi ya bahari inakula kamba za chuma. Ukikosa kuzifuta na kuzibadilisha, sauti inafubaa kabisa. Sasa mtu anayehamisha wimbo wa roki kutoka huko kuja huku ana njia mbili. Ama atazikwangua kamba kwa nguvu zaidi ili kufidia kelele iliyoondoka, na huo ndio uvivu anaoulalamikia Kijana wa Langoni. Ama atauvunja wimbo na kuujenga tena: apunguze mwendo, ashushe ufunguo ili koo la umri wake liufikie, ajaze mapengo kwa vidole, na pale palipokuwa na ngoma aache kimya kifanye kazi.

Sikilizeni Layla ya Eric Clapton, mpiga gitaa wa Kiingereza. Mwaka 1970, akiwa na kundi la Derek and the Dominos, magitaa yanapiga mayowe tangu sekunde ya kwanza, na mwimbaji ni kijana anayemlilia Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Januari 1992 huko Bray, Uingereza, mtu yuleyule anaketi kitini mbele ya kamera na kuupiga taratibu, kwa mwendo wa kuyumba wa blues. Kile kipande kirefu cha piano cha mwishoni amekitupa. Na hapo katikati alishamuoa mwanamke huyo, mwaka 1979, na wakaachana mwaka 1989. Maneno ni yaleyale, lakini mwombaji wa mwaka 1970 hajui atajibiwa nini, na huyu wa kitini anajua jibu lilikuwa nini na liliishia wapi. Mwanamuziki akiweza kufanya hivyo sioni kwa nini tumwite mwizi. Albamu iliyotokana na kikao hicho cha kitini ilipata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya albamu bora ya mwaka, mwaka 1993, na wala siioni ajabu.

Nami hotelini kazi yangu ya kila usiku ni Malaika na Jambo Bwana. Ziko siku nazipiga kwa vidole tu, akili iko kwingine, na wageni wanapiga makofi. Ziko siku wimbo unanijia kana kwamba naujua leo, na wageni wanapiga makofi yaleyale. Kwa hiyo msitegemee makofi kuamua jambo hili.

Shela Baharini

Kaka Gitaa, umeitaja Grammy ukaiacha nusu, ngoja niimalizie. Usiku uleule wa mwaka 1993, hiyo Layla ya kitini ilipewa pia tuzo ya wimbo bora wa roki. Wimbo wa 1970! Na mojawapo ya nyimbo zilizoshindwa ni Smells Like Teen Spirit ya Nirvana, uliotoka 1991 na kuugeuza muziki wa roki wote. Waamuzi walikuwa na kitu kipya mbele ya macho yao, wakampa tuzo mkongwe kwa jambo walilolijua tangu ujanani mwao. Uzuri wa Layla sina neno nao. Neno langu ni kiti alichokalia kilikuwa cha nani.

Haya, njooni Pwani. Mimi na wenzangu wawili tunatunga kwa Kiamu, gitaa moja, kidumbaki na sauti. Katika tamasha moja tulipangiwa saa nane mchana, jua la utosi, mji mzima umelala. Usiku wote ukaenda kwa zilipendwa. Tulipouliza, mpangaji akatwambia wageni wanataka cha asili. Sasa sisi tuliozaliwa Shela, na mama zetu Shela, na bibi zetu Shela, tunakosa asili kwa sababu wimbo wetu una miezi mitatu?

Tuktuk Malindi

Saa nane mchana hata punda hawatoki. Pole dada.

Mzee wa Mkomani, Lamu

Wanangu, huyo Mkanada nalikuwa simjui, mjukuu wangu amenisikilizisha juzi. Sauti yake si mbaya, ila anakwenda mbio kana kwamba jahazi lamuacha.

Nataka kusema mambo mawili na la pili halitawafurahisha.

La kwanza. Munazungumza hii albamu ya laivu kama kitu kilichovumbuliwa Ulaya. Sisi tumekuwa na yetu zamani. Mohamed Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Malindi aliyetutoka mwaka 2014, Mungu amrehemu, watu walikuwa wakitafuta kanda zake zilizorekodiwa arusini penyewe. Ndani ya kanda wasikia vigelegele, wasikia mtu amesimama kwenda kutunza na ubeti warudiwa kwa ajili yake. Wimbo mmoja ulikuwa na kanda ya arusi hii na kanda ya arusi ile, na sisi tukikesha barazani kubishana upi umekolea. Hakuna aliyesema ameuziwa mara mbili. Na Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2016, alikuwa akianza na udi peke yake kabla ya kufungua kinywa, na huo mwanzo wa leo haukuwa ule wa yana. Mashairi aliyokuwa akiyaimba, mengine ni ya Sheikh Ahmed Nabhany, na shairi likishatungwa halibadiliki. Kinachobadilika ni vipi unalifikisha. Kwa hivyo kurudia kwetu si ila. Mtu ambaye hawezi kuurudia wimbo wake mara mia na kila mara akakupa kitu, huyo hatukumwita mwimbaji.

La pili. Hawa wanaosimama vikaoni wakasema asili ni udi mtupu, waniwie radhi. Mimi nilikuwa kijana miaka ya sitini na sabini. Kulikuwa na fidla na akodioni. Kulikuwa na Matano Juma na kinanda chake cha umeme Mombasa. Juma Bhalo mwenyewe alikuwa na hamoniamu na tabla, na nyimbo zake nyingi zilifuata mahadhi ya sinema za Kihindi, na maikrofoni ilikuwa na mwangwi ambao tukiupenda sana. Hayo ndiyo masikio tuliyokulia. Mukiziimba leo nyimbo hizo mukaondoa kila kitu mukabakisha udi, mukasema mumerudi nyuma, hamukurudi. Mumekwenda pahala ambapo hapajawa. Si vibaya kwenda, lakini musitwambie ndiko tulikotoka.

Kijana wa Langoni, Lamu

Ami, hapo umenipa silaha niliyokuwa naitafuta.

Huu mtindo wa wanamuziki wa roki kuketi na magitaa makavu ulivuma baada ya kipindi cha televisheni cha MTV Unplugged kuanza mwaka 1989. Tazameni kilikuja baada ya nini. Miaka ya themanini roki ilikuwa imejazwa vinanda vya kompyuta na ngoma za mashine mpaka mwimbaji hasikiki amesimama wapi. Kwa hiyo kuvua vyombo kulikuwa jibu la tatizo lao, la wakati wao. Paul McCartney alikuwa wa kwanza kukigeuza kipindi hicho kuwa albamu, mwaka 1991, kisha Clapton akauza mamilioni, na baada ya hapo kila kampuni ya rekodi ikamtaka msanii wake aketi kitini. Jibu likageuka kuwa mtindo. Ndipo zilipozaliwa hizi albamu ninazozisema hazina sababu: unachukua nyimbo kumi na tano zilizokwisha kupendwa, unatoa ngoma, unaongeza makofi.

Aliyekielewa kitu hicho vizuri kuliko wote ni Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, tena ni hao walionyimwa tuzo aliowataja dada Shela. Novemba 18, 1993, New York, Nirvana walipiga nyimbo 14. Sita hazikuwa zao, moja ya David Bowie, na ya mwisho ni wimbo wa zamani alioujua kwa sauti ya Lead Belly, mwimbaji wa blues wa kale. Ule mkubwa uliowafanya wajulikane dunia nzima hawakuupiga kabisa. Albamu ilitoka Novemba 1994, miezi saba baada ya yeye kufariki. Watu wanasema inasisimua kwa sababu ya kifo chake. Mimi nasema hata angekuwa hai leo ingesisimua, kwa sababu ya kile alichochagua kukiacha. Alipewa nafasi ya kutuuzia mara ya pili, akaikataa mbele ya kamera.

Hapo ndipo ninapopima Bare Bones. Kuna nyimbo humo ambazo si maarufu na zimekuwa nzuri zaidi kwa piano na gitaa, ungedhani zilikuwa zinaingojea siku hiyo. Na kuna Summer of '69, ambayo bila ngoma ni watu tu wanaimba kiitikio kwa niaba ya mwenyewe. Ile naiita ukumbusho wa shule, watu wamekutana kupiga picha. Haina dhambi, lakini nisiombwe kuilipia kwa pesa za umma.

Tuktuk Malindi

Na gitaa kavu alilopiga huyo marehemu usiku huo liliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni sita. Gitaa. Moja. Mnaona hoja yangu ya bili haijafa?

Gitaa la Casuarina, Malindi

Tena nikuongezee, gitaa hilo lilikuwa limepitishwa kwenye amplifaya. Watu wanaona mishumaa na maua jukwaani wanadhani umeme umezimwa. Bruce Springsteen, mwanaroki wa Marekani, angalau hakujificha: mwaka 1992 kwenye kipindi hichohicho alipiga wimbo mmoja wa kavu, kisha akaita bendi nzima na magitaa ya umeme, na albamu yake ikatoka ile Un ya mwanzo wa neno Unplugged imekatwa ili isomeke Plugged, yaani umeme umechomekwa. Mzee wa Mkomani yuko sawa, huu ukavu mara nyingi ni vazi.

Nyuma ya kila gitaa kavu unalolisikia vizuri kuna fundi wa sauti aliyelala saa tisa usiku. Hilo waandaaji wetu hawalijui. Wanadhani wakisema "bila vyombo" gharama inashuka. Inapanda! Bendi ya kelele inaficha maikrofoni mbovu. Udi na sauti havifichi kitu.

Mtu wa Sheria, Malindi

Mnabishana kuhusu masikio, naomba twende kwenye karatasi kwa muda, kwa sababu nusu ya sababu za kurudia nyimbo ziko huko.

Wimbo mmoja una mali mbili tofauti. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na muziki, wa aliyetunga. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa, ambayo kwa kawaida ni ya aliyelipia studio. Msanii aliyesaini mkataba akiwa na njaa anaweza kuwa mtunzi wa wimbo na asimiliki hata sekunde moja ya rekodi yake. Akiurekodi upya, laivu au studio, kavu au kwa kelele, anazaa rekodi mpya, na hiyo inaweza kuwa yake. Taylor Swift ndiye aliyelifanya jambo hili lieleweke mpaka kwa watoto wa shule. Rekodi za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa mwaka 2019 bila yeye kuwa mnunuzi, akarekodi upya albamu nne kati ya 2021 na 2023, na mwaka 2025 akazinunua zile za asili. Yeye alijitahidi rekodi mpya zifanane na za zamani. Mwenye gitaa kavu anakwenda kinyume, anataka tofauti isikike. Lakini kisheria mlango ni huohuo. Kwa hiyo Ndugu Tuktuk, kuuziwa mara ya pili kupo, ila uliza mara ya kwanza pesa zilikwenda kwa nani.

Sasa Kenya. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda maneno na muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi inalindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Fanyeni hesabu. Kanda iliyorekodiwa 1972, ulinzi wa rekodi hiyo uliisha mwisho wa 2022. Lakini nyimbo alizotunga Zein l'Abdin zinalindwa mpaka mwisho wa 2066, na mashairi ya Sheikh Nabhany, aliyefariki 2017, mpaka mwisho wa 2067. Maana yake, anayetaka kurekodi upya nyimbo kongwe za Lamu, hata kwa nia njema, hata kwa pesa za umma, anapaswa kwenda kwa warithi kwanza. Sijaona mtu hata mmoja humu aliyewataja warithi.

Jingine. Siku hizi usiku wa tamasha unarekodiwa kwa kamera tatu. Msanii anapewa posho na soda, rekodi inaondoka na mwenye mitambo. Hakuna karatasi. Miaka kumi baadaye watu wanashangaa kumwona mzee wao kwenye intaneti akiwaingizia wengine pesa za matangazo. Kumrekodi msanii jukwaani kunataka ridhaa yake, na ridhaa hiyo inaweza kuandikwa nusu ukurasa kwa Kiswahili cha kawaida. Wanaotaka kusaidia utamaduni waanzie hapo.

Mama wa Mkunguni, Lamu

Mimi si mwanamuziki, naishi nyuma tu ya uwanja wa Mkunguni, na ngome iko usoni pangu. Naona mnaongea kana kwamba muziki unasikizwa na waliolipa peke yao.

Nyumba zetu ni za mawe, zimebanana, vichochoro vyenyewe watu wawili wakikutana mmoja anajibanza. Zile spika kubwa zikifunguliwa, besi haiingii mlangoni, inaingia ukutani. Mgonjwa wangu ndani hana pa kukimbilia. Kanuni za kuzuia kelele zipo tangu 2009, na siku za tamasha hazisomwi na mtu. Kwa hiyo mimi udi na gitaa kavu naviunga mkono kwa sababu isiyo na sanaa yoyote: nataka kulala.

Ila pia nina sababu ya sanaa. Zile nyimbo za mafumbo, sisi wanawake ndio tuliokuwa tukizifumbua. Fulani amesemwa, fulani amejibiwa. Kwa hizi spika za sasa nasikia mdundo tu, maneno sijui yamekwenda wapi. Mwaka mmoja umeme ulikatika katikati ya shughuli, waimbaji wakaendelea hivyohivyo na kigoma kimoja. Nilikuwa dirishani na nilisikia kila neno, na kesho yake mtaa mzima tulikuwa tunaulizana ule ubeti wa tatu alipigwa nani.

Mzee wa Mkomani, Lamu

Binti yangu, ni kweli, na pole kwa mgonjwa. Lakini wewe wakaa hapo penyewe. Walioketi nyuma, na hao mara nyingi huwa ni wanawake na watoto, bila ya spika wangepata nini usiku wa pepo za kusi? Spika ndogo nyingi, zimewekwa karibu na watu, sauti ya chini. Mafundi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kwa sababu spika kubwa hawakuwa nazo.

Gitaa la Casuarina, Malindi

Mzee ameongea kama fundi. Spika sita ndogo zilizosambazwa uwanjani zinashinda minara miwili iliyosimamishwa mbele. Besi ndogo, maneno wazi. Mama atalala.

Shela Baharini

Nimesoma yote na nakubaliana na Mtu wa Sheria kuliko wote, lakini nione kama mtanielewa hapa. Mkishapata ridhaa ya warithi, mkapata fundi, mkapata spika ndogo, mkarekodi albamu nzuri kabisa ya nyimbo kongwe, pesa za mwaka zitakuwa zimekwisha. Clapton akirudi nyuma hamnyimi mtu jukwaa Uingereza nzima, kuna kumbi elfu. Lamu uwanja ni mmoja na usiku wa tamasha ni michache. Huku kurudia kwa mmoja ni kunyamaza kwa mwingine, kihalisi kabisa, kwenye ratiba.

Halafu wakongwe mnaowasema waliimba mashairi mapya ya wakati wao. Zein hakuwa akiimba makumbusho. Nabhany alikuwa hai, anatunga, mji unamjua. Kama mnataka kumuiga Zein, mtafuteni mshairi aliye hai mumpe mwimbaji aliye hai.

Mzee wa Mkomani, Lamu

Hilo sina jawabu lake. Amesema kweli.

Tuktuk Malindi

Dada huyu nikimpata abiria simlipishi.

Kijana wa Langoni, Lamu

Basi niliweke pendekezo mezani, mlipasue.

Pesa za umma zisilipie albamu ya zilipendwa, iwe ya kavu au ya kelele. Mwenye soko lake ajiuzie mwenyewe, kama anavyofanya Bryan Adams, na anayetaka kununua anunue. Za umma zilipe vitu vitatu ambavyo soko halilipi. Kwanza, ridhaa na karatasi: kila anayepanda jukwaani asaini, abaki na nakala ya rekodi yake, na warithi wa mtunzi watafutwe kabla ya wimbo kupigwa. Pili, fundi wa sauti anayejua kuunasa udi na koo la mtu, pamoja na hizo spika ndogo. Tatu, nyimbo kongwe zirekodiwe zile tu ambazo hazina rekodi inayosikika, zile ambazo kanda zake zimeliwa na ukungu na aliyebaki anazijua kwa kichwa ni mzee mmoja au wawili. Nyimbo zenye rekodi nzuri ziachwe zilivyo, na kinanda chake na mwangwi wake, kama Ami alivyosema. Na usiku wa jukwaa ugawanywe nusu kwa nusu, kongwe na mpya.

Kuhusu Bare Bones yenyewe, nitaendelea kuisikiliza zile nyimbo nne au tano za katikati. Nyingine ninaziruka.

Mtu wa Sheria, Malindi

Ongeza kwenye kitu cha tatu yule mshairi aliye hai aliyetajwa na dada Shela. Shairi jipya likiimbwa kwa mahadhi ya kale kuna mali mpya na mali ya zamani ndani ya wimbo mmoja, na mgao uandikwe kabla, si baada ya watu kununiana.

Gitaa la Casuarina, Malindi

Naunga mkono yote. Swali dogo: fundi analipwa siku ya mazoezi, au ni ile siku ya tamasha tu? Nauliza kwa sababu mimi nawajua waandaaji.

Shela Baharini

Na mimi nina dogo. Nusu kwa nusu, sawa. Nusu ipi? Baada ya isha au saa nane mchana?